Habo na Kijana wa Koti

Habo hakuwa mtu wa kulia msibani. Nimemwona akiingia kwenye nyumba zenye maiti, garbasari, ile shali yake kubwa, ameikaza kiunoni, anauliza maji yako wapi, sanda imekatwa au bado, nani anawachemshia wageni chai. Aliwaosha wanawake wenzake, marafiki zake wa tangu usichana, akatoka huko na jicho kavu. Lakini mwekee kwenye televisheni binti wa Kituruki aliyenyimwa mchumba, basi machozi yangemtiririka mpaka ushungi ulowe.

Nilikuwa mpangaji wake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya nje, na kimoja nilipewa mimi, mwalimu wa kike mgeni, nilipopangiwa kufundisha Garissa. Habo ndivyo Wasomali wanavyomwita mama mdogo, na mtaani kwetu karibu kila mtu alimwita hivyo, hata wasio na undugu naye wa mbali. Ukoo wake sitautaja. Yeye angenigombeza kwa hilo, maana kwake mtu asiyetajiwa ukoo ni mzigo uliodondoka njiani. Lakini mimi ni Mpokomo wa mtoni, kwetu hatuhesabiani babu mpaka jioni, na ninachokijua kwake ni yeye mwenyewe.

Kazi yangu katika nyumba ile ilikuwa ukalimani. Tamthilia zilikuwa zimetiwa Kiswahili, ila Kiswahili cha mbio, cha watu waliosoma, na Habo alikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha kuuzia maziwa ya ngamia. Kila baada ya alasiri wanawake wa mtaa walikuja kuketi kwenye mkeka wake, thermosi ya chai katikati, nami nikawekwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kioo cha televisheni. Waturuki walisema lao, mimi nikalivunjavunja likawa Kiswahili cha sokoni, Habo akalipeleka kwa wenzake kwa Kisomali, na njiani akaliongezea chumvi. Mara nyingi kilichowafikia wale wa nyuma kilikuwa kitamu kuliko kile kilichosemwa.

"Mwalimu, huyu mtoto ya nani?" aliniuliza kila alipotokea mtu mpya.

"Hawajasema, Habo."

"Hawajasema! Basi iko shida inakuja."

Na kweli, shida ilikuja. Tamthilia zile hazina raha mpaka kijana ampende msichana, waagane, wapatane, kisha siku ya harusi mtu alie kwamba hao ni ndugu wa baba mmoja. Wenzake wakashika vichwa. Habo alikunja mdomo kwa dharau.

"Wangehesabu babu yao, hii filim ingeisha jana," alisema. "Mbumbafu hawa. Hata mbuzi yangu najua mama yake."

Alikuwa na heshima zake. Adhana ikilia, televisheni ilifunikwa kitambaa cha kufumwa, hata kama mtu amenyooshewa bastola. Kijana na msichana wakisogeleana, aliwaamuru wasichana wote wafunge macho, naye akajifunika uso kwa garbasari. Lakini garbasari ile ilikuwa nyepesi, na zaidi ya mara moja nilimsikia akiniambia kwa hasira, "Mwalimu, mbona mwanaume hii haondoki?" Kusengenya alikukataza. Ukimtaja jirani vibaya alikwambia unakula nyama ya nduguyo. Mturuki je? Mturuki si jirani, alijibu, na wakamla Mturuki yule mpaka mifupa.

Katika tamthilia ya kwanza niliyoikuta palikuwa na mama mkwe mmoja, mwanamke wa lulu shingoni na sumu moyoni, aliyemtumikisha mke wa mwanawe kama punda. Habo alimchukia mpaka akamrushia kandambili. Siku moja, katikati ya kumlaani, akanyamaza, akageuka kumtazama Sahra.

Sahra alikuwa mke wa mwanawe. Alikuwa ameketi mlangoni, anachambua mchele.

"Abaayo," Habo alimwita, yaani dada. "Mimi niko hifyo?"

Sahra akacheka, kisha akaona kwamba mama mkwe hacheki. "Zamani kidogo," akasema.

Kuanzia wiki ile Habo alianza kuamka mwenyewe kuwasha jiko. Sahra akiumwa kichwa alilazwa na kupewa supu. Wengine husema tamthilia zinaharibu nyumba za watu. Mimi niliona moja ikijenga nyumba, nikiwa nimekaa pale pale kwenye kiti cha plastiki.

Televisheni yenyewe aliileta Abdinasir, mwana wa pekee wa Habo, mume wa Sahra. Alikuwa dereva wa lori, anapeleka bidhaa Hagadera na Liboi, anarudi na mifugo. Aliitoa Nairobi ameiviringisha ndani ya godoro jipya. Godoro likawa la mkewe, televisheni ya mamake. Alimwambia, "Hooyo, nikiwa safarini hawa watakuongelesha." Nilimfahamu kwa muda mfupi. Alikuwa mrefu, mcheshi, na alipokuwa akirudi alipiga honi tangu kona ya msikiti, na Habo alijifanya hajasikia mpaka afike mlangoni.

Kisha mvua zikaja. Njia ya Liboi imekatwa na laga, ile mito mikavu ambayo siku zote ni mchanga mtupu wa kupitisha ng'ombe, lakini mvua ikinyesha mbali huja maji yamesimama wima. Lori la Abdinasir lilionekana maji yalipopungua, limelala ubavu, mlango wa dereva uko wazi. Yeye hakuonekana. Watu walitafuta mpaka mahali laga inapopotelea nyikani, wakarudi na turubai lake tu.

Habo aliwasikiliza wazee mpaka wakamaliza. Kisha akauliza kama kuna aliyeona mwili. Hakuna. Aliyeona kanzu, kiatu, hata kofia? Hakuna.

"Mmenionyesha gari," akasema. "Gari si maiti." Akaenda kuwapa mbuzi maji.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Yeye hakukianza, nasi sote tukabaki nje na vilio vyetu. Hapakuwa na mikeka ya tanzia, wala Kurani ya kumsomea, wala swala ya maiti aliye mbali ambayo imamu alikuja kumwomba ruhusa yake. Ukisema "marehemu" alitoka chumbani. Safari moja mtu alimwambia kuna kijana Hagadera anafanana na Abdinasir, anasukuma mkokoteni wa punda, akili zimemruka kidogo. Habo alipanda gari alfajiri, akazunguka kambi yote ya wakimbizi, bloku kwa bloku, akimtazama usoni kila mwenye punda. Aliporudi alisema tu kwamba kijana yule ana mama yake, na kwamba ni kijana mzuri.

Nadhani ndipo nilipoelewa yale machozi ya alasiri. Alikuwa na kilio chake mwenyewe ambacho hakuwa na ruhusa ya kukilia, kwa hiyo alikwenda kukilia kwa watu. Nikikumbuka nilivyokuwa nikimtania kwa machozi yale, moyo unaniuma.

Na Sahra? Sahra alingoja. Alikuwa msichana mdogo bado, hana mtoto. Kwa sheria angeweza kwenda kwa kadhi, mume aliyepotea ana hukumu yake, na muda wake ulikuwa umeshapita. Kulikuwa na mtu Liboi, aliyefiwa na mke, mwenye duka, mtaratibu, aliyekwisha kutuma wazee kumwulizia. Nilimwuliza mara moja kwa nini haendi.

"Nikienda kwa kadhi," aliniambia, "nitakuwa mimi ndiye niliyemzika. Habo akiniambia niende, nitaenda."

Basi ikawa hivyo. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika mlango, na mwingine hakutaka kupita kwa kumsukuma.

Wakati huo ndipo ikaja ile tamthilia ya Kijana wa Koti. Jina lake la Kituruki hakuna aliyelijali. Alivaa koti jeusi refu, alimpenda mamake, na alikuwa na kicheko. Wanawake walimpenda tangu siku ya kwanza. Siku moja, breki za gari lake zilikuwa zimekatwa na adui, akatumbukia mtoni kutoka darajani. Polisi wakavuta gari, na ndani hakukuwa na mtu.

Mimi ndiye niliyetakiwa kutafsiri. Nilisema, "Gari limetoka, yeye hayumo," nikaishia pale. Mkeka mzima hakuna aliyemtazama Sahra. Kwenye kioo walikuwa wakichimba kaburi, wakiweka ndani yake koti tu, na mama wa yule kijana akikataa kumwaga udongo.

"Mama iko sawa," Habo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Asimwage."

Tangu siku ile hakukosa hata sehemu moja. Wenzake wakizungumza aliwanyamazisha. Stima ikikatika, na Garissa stima hukatika palipo patamu, aliketi gizani akiwaeleza kijana yuko wapi: ameokotwa na wavuvi, ana jeraha la kichwa, amesahau jina lake, lakini atalikumbuka. Alipoinuka kwenda kuswali nilimsikia akimwombea dua. Kijana wa Koti, Mturuki wa kuigizwa, aliombewa sijda kwa sijda katika nyumba ya udongo karibu na soko la ngamia, na sikuwahi kuona mtu akiombewa kwa moyo zaidi.

Baba yake Sahra alikuja kutoka Liboi, mzee mwenye ndevu za hina na fimbo. Aliongea kwa adabu sana. Alisema binti amekaa, binti amevumilia, Mungu anaona, sasa Habo atoe neno. Habo akamjibu, "Hata yule kijana ya koti walisema amekufa, na mama yake amekataa."

Mzee akafikiri. "Huyo ni mtoto wa nani?" akauliza. "Ni wa upande wa Wajir?"

Hakuna aliyecheka. Mzee alikunywa chai yake na kuondoka, na kule nyuma Sahra alikuwa akifua nguo zilizokwisha kutakata.

Halafu ikafika siku yenyewe. Sahra alikuwa sokoni, amemshikia Habo nafasi kwenye meza ya maziwa, kwa sababu Habo alihisi, tangu asubuhi alisema anahisi leo kijana atarudi. Kwenye kioo mama wa kijana alikuwa akipika peke yake. Mlango ukagongwa. Akafuta mikono, akaenda kufungua, na pale mlangoni, koti jeusi, ndevu zimemwota, alikuwa amesimama mwanawe.

Sikuhitajiwa kutafsiri. Mkeka ulilipuka. Vigelegele vilitoka chumba kile vikaruka ukuta. Habo alianguka kifudifudi akasujudu sijda ya shukrani, akainuka akiwa amelowa uso mzima, akamtuma jirani dukani kuleta halwa, sinia zima, na akasimama mlangoni anaigawa mwenyewe kwa kila aliyepita. "Amerudi!" alikuwa akisema. "Kuleni, amerudi!"

Kwetu vigelegele na halwa kutoka nyumba yenye mtu aliyepotea havina maana mbili. Waliopewa halwa walikwenda wakisema. Muuza maji mwenye mkokoteni wa punda alifika sokoni analia kwa furaha. Alimkuta Sahra kwenye meza ya maziwa, akamwambia alivyosikia: nyumbani kwenu, amerudi.

Sahra aliniambia baadaye kwamba hakumbuki njia. Maziwa aliyaacha wazi. Ninachokumbuka mimi ni kwamba tulisikia watu wakipisha, kisha akaingia, kandambili moja mguuni, ushungi umeanguka mabegani, anahema, na uso wake, Mungu nisamehe, sijaona uso wenye furaha kama ule tangu nizaliwe.

"Yuko wapi?" akauliza.

Kwenye kioo bado walikuwa wamekumbatiana, muziki unalia. Habo alikuwa na sinia mkononi. Bado alikuwa anacheka, akamwonyesha Sahra kioo kwa kidole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mwezi wa Idi.

Sahra akatazama. Akatazama kwa muda. Kisha akauvuta ushungi wake, akaurudisha kichwani, akaketi pale mlangoni alipokuwa akikaa siku zote. Ule mguu usio na kandambili ulikuwa umechomwa na mwiba na unatoka damu.

Ndipo Habo alipoelewa. Nilimwona akielewa. Alianza na mguu, akapanda mpaka usoni, kisha akalitazama sinia mkononi. Akaliweka chini. Akachukua birika la maji ya udhu, akapiga magoti, yeye mama mkwe, na magoti yake mabovu, akauosha ule mguu na kuutoa mwiba.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Zima."

Asubuhi yake alimwita imamu. Ijumaa iliyofuata msikiti ukamswalia Abdinasir, na mikeka ya tanzia ikatandikwa uani, na sisi tuliokuwa tumengoja nje kwa muda wote ule tukaingia. Nililia nikasikia aibu, maana kila mtu alikuwa akilia isipokuwa yeye. Alimvika Sahra nguo nyeupe za mjane kwa mikono yake, akamfunga na kitambaa cheupe kichwani, akamwambia, "Ukimaliza eda, baba yako aje." Jioni ile ile nilimwona akiwauliza wapishi kama chai inatosha.

Sahra aliolewa Liboi. Mimi nikahamishiwa Lafey, kule mpakani, nikafundisha huko miaka. Kila niliposikia televisheni ya Waturuki kwenye duka la mtu niliharakisha kupita.

Likizo iliyopita nilipitia Garissa. Nilimkuta Habo kwenye mkeka ule ule, amepungua mno, televisheni inawaka bila sauti.

"Habo, mbona sauti hakuna?"

"Sauti ya nini? Mtu ya kunieleza iko Lafey."

Nikaketi kwenye kiti changu. Aliniuliza habari za wanafunzi, za ukame, kama nimeolewa, na akanilaumu kwa jibu. Kisha, macho yakiwa kwenye kioo, akauliza, "Yule kijana ya koti. Mama yake iko salama?"

Sikuwa nimeitazama tena tamthilia ile. "Salama, Habo," nikasema.

"Alhamdulillahi. Yeye alibata wake."

Ndani hakuwa peke yake. Sahra alikuwa amekuja kumtazama, kama afanyavyo kila msimu, amenenepa kidogo, ametulia, na ana mtoto wa kiume anayetambaa. Tulikumbatiana kwa furaha na machozi. Nilipomwuliza jina la mtoto alinisogelea akasema kwa sauti ya chini kwamba ni Abdinasir, kwamba mumewe mwenyewe ndiye aliyesema apewe jina hilo, ili Habo asipungukiwe. Kwa kweli hiyo ni heshima kubwa, na mwanamume yule nilimpenda bila kumwona. Lakini nilikuwa nimeshasikia Habo akimwita mtoto tangu nilipofika, na alimwita Yare tu, yaani mdogo. Yare, njoo. Yare, wacha. Nikadhani ni mapenzi ya bibi.

Sahra alikwenda jikoni kutia chai. Mtoto akatambaa kuelekea kwenye chetezo cha ubani kilichokuwa na makaa, mkono ameshaunyoosha, nami nikapiga kelele kabla sijafikiri.

"Abdinasir!"

Mtoto akasita, akageuka kunitazama.

Habo alikuwa amegeukia mlango. Kiganja kimeshika goti, nusu ameinuka, uso umefunguka wote, umerudi ujana. Nilijua pale kwamba ile swala ya maiti aliitoa kwa ajili ya Sahra, na kwamba yeye mwenyewe hajamzika, wala hajaacha kumngoja hata siku moja. Alibaki hivyo, anautazama uwazi wa mlango na jua la uani, mpaka goti likachoka. Akarudi chini taratibu, akamvuta mtoto, akampakata, akampangusa vumbi la mikononi.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "mwite mtoto tu. Hiyo jina iko na mwenyewe."